Mahadhi Yamebaki, Makali Yako Wapi?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hunijia kila nisikiapo nyimbo za kabareti za Ujerumani, zilizotungwa baina ya vita viwili vikuu vya dunia, zikiimbwa upya na wasanii wa siku hizi. Aghalabu mahadhi huwa yamehifadhiwa, ilhali makali ya maneno yamefifia.

Tuchukue wimbo wa Mackie Messer, mashuhuri kupita zote, japo ulizaliwa katika tamthilia: Die Dreigroschenoper ya Bertolt Brecht na Kurt Weill, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1928. Wimbo huo wasimulia maovu ya muuaji mtanashati, na tamthilia yenyewe yatuuliza iwapo jambazi na tajiri wana tofauti yoyote. Louis Armstrong aliurekodi mwaka 1955, na Bobby Darin mwaka 1958; kwa wengi sasa ni wimbo wa kuchezea dansi tu. Kurt Gerron, msanii wa kabareti wa Kiyahudi aliyeuimba usiku ule wa kwanza, aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Ni wachezaji wangapi wanaolijua hilo?

Simdai mwimbaji awe mtumwa wa maneno ya awali. Ella Fitzgerald aliyasahau maneno ya wimbo uo huo jukwaani Berlin mwaka 1960, akabuni mengine papo hapo. Kubuni ni haki ya fanani. Ninachodai ni kwamba kejeli isitupwe, kwani katika kabareti kejeli ndiyo roho ya maudhui. Mwaka 1931 Friedrich Hollaender, ambaye mwenyewe alikuwa Myahudi, alitunga wimbo unaowatwika Wayahudi lawama ya kila jambo, hata la kipuuzi, ili kuwasuta wenye chuki. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, aliihama nchi. Anayeuimba wimbo huo leo pasi na kejeli huyageuza masuto yale kuwa tusi lile lile alilolipinga mtunzi.

Yupo aliyetuonyesha njia. Mwaka 1996 Ute Lemper alitoa albamu ya nyimbo za kabareti za Berlin, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza pia. Tafsiri hiyo iliwawezesha wasiojua Kijerumani kucheka na kuchomwa kama hadhira ya kwanza. Sisi wanafunzi wa fasihi huweza kutenganisha fani na maudhui katika karatasi ya mtihani. Msanii jukwaani hana ruhusa hiyo.