Kinyonga wa Meru na Swali la Kijana

Mwanafunzi wa kidato cha nne anapofika kwenye mada ya mageuko ya viumbe, aghalabu hurudi nyumbani na swali ambalo sisi wazazi hulikata kwa ukali: “Hayo ni ya kujibia mtihani tu.” Kijana hunyamaza, akiwa ameshajua kuwa yapo mambo asiyoweza kutuuliza. Hasara hiyo twaiona kubwa kuliko ugumu wa swali lenyewe, ambalo sehemu ya jibu lake imo katika misitu ya Mlima Meru.

Humo anaishi kinyonga ambaye dume lake lina pembe mbili puani. Kilimanjaro yupo pia, na wa kufanana naye wako Usambara Magharibi, upande wa Lushoto, na milima ya Taita nchini Kenya. Kwa miaka mingi wataalamu waliwahesabu wote kuwa spishi moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ukawatenganisha: wa Meru na Kilimanjaro spishi moja, wa Lushoto nyingine, wa Taita nyingine. Jenasi yao, iliyoanzishwa mwaka 2006, huitwa Kinyongia. Ni neno letu wenyewe, lililovishwa kanzu ya Kilatini.

Walitenganaje? Kinyonga huyu ni kiumbe wa miti, na mwendo wake twaujua. Nyika kavu iliyo baina ya Meru na Usambara haivuki. Kwake yeye mlima ni kisiwa. Sasa, katika kila uzao watoto hawalingani sawasawa. Mmoja hufichika vizuri zaidi majanini, ndege asimwone. Huyo huishi, huzaa, na huwarithisha wanawe sifa ile. Mwenzake aliye mlima mwingine hupita njia yake, katika baridi, miti na maadui wa kwao. Kwa kuwa hawachanganyi damu tena, tofauti ndogo hulimbikizana vizazi kwa vizazi, hata makundi mawili ya asili moja yakawa spishi mbili.

Hapa kijana asaidiwe jambo moja. Kinyonga kubadili rangi mchana mmoja si mageuko. Hakuna mnyama anayelala hivi akaamka kiumbe kingine. Kinachobadilika ni kundi, tena polepole mno.

Asili ya Baba yetu Adam (a.s.) ni mlango mwingine, nao una masheikh wake, hatuufungui katika safu hii. Lakini kuwatazama wanyama kwa makini si ugeni kwetu. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika juzuu kadhaa juu yao.

Anayetaka kuwaonyesha wanawe kinyonga huyu, awatafutie mwenyeji anayeijua pembezoni mwa msitu, waende usiku na tochi. Kinyonga akilala hupauka, na mwanga humtoa wazi kati ya majani. Asishikwe, atazamwe tu, kisha maswali yaulizwe njiani wakati wa kurudi.