Ati sanamu zetu zitapasuka kwa joto?

Wadau, kuna hoja imeshika kasi hapa kijiweni chuo na mimi nimeichoka. Ukitaja tu sanamu za mbao za Wasukuma na Wanyamwezi zilizobebwa enzi za Mjerumani, hakosi msomi wa kudakia: "Ziacheni hukohuko Berlin, wenzetu wana viyoyozi. Zikirudi Shinyanga joto litazipasua." Halafu watu wanatikisa vichwa, eti hekima hiyo!

Hebu tuulizane. Zilichongwa wapi, Ulaya? Usukumani sanamu zilichongwa zikachezwe kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, jua likiwaka na vumbi likitimka. Ngoma ikiisha, watu walirudi kwenye msonge: ukuta wa udongo, paa nene la nyasi, ndani giza na ubaridi. Hiyo ni stoo ya maana kabisa kwa mbao, na haikuhitaji umeme.

Balaa ni bati. Sisi wa Kahama na Geita tunaijua nyumba ya bati isiyo na dari, saa nane mchana mwezi wa tisa. Mchana tanuri, usiku baridi. Mbao haipendi mchezo huo. Ngozi ya nje inakauka na kusinyaa haraka wakati moyo wa ndani bado una unyevu, sasa kitu kimoja kinavutana chenyewe, mwisho paaa! ufa kuanzia kifuani mpaka kitovuni. Kwa hiyo kinachoua siyo joto peke yake, ni kupandishwa na kushushwa kila siku.

Na mwanga je? Huo ndio mwizi mkubwa, manake haupigi kelele. Makumbusho makini hawazidishi luksi 50 kwenye ngozi, manyoya na rangi za mimea. Jua letu la saa sita linafika luksi 100,000. Piga hesabu: saa moja tu uani ni sawa na saa 2,000 za taa ya makumbusho, yaani siku 250 za kufungua mlango kwa saa nane. Na rangi ikishapauka hairudi, hata ukiifunika miaka mia. Dhahabu ya Geita ukiianika karne nzima inabaki dhahabu. Mbao siyo dhahabu jamani, ndiyo maana inataka akili zaidi.

Sasa turudi kwa mpenzi wa viyoyozi. Desemba 1943 mabomu ya vita yaliangukia Makumbusho ya Grassi kule Leipzig, na sehemu ya vitu vilivyokusanywa duniani kote ikateketea. Joto gani la Shinyanga linafikia lile? Tena makumbusho mengi ya Ulaya yalipaka vitu vyao arseniki na DDT kuua wadudu, leo wanavishika kwa glavu. Kwa hiyo habari ya "kule ni salama" tuiseme taratibu.

Lakini na sisi tusijipambe. Tunapiga kelele za Berlin, huku kinyago cha babu kimewekwa juu ya kabati, dirisha la magharibi linakimulika kila jioni. Hilo nalo linahitaji ndege ya Lufthansa?

Dawa ni hizi, na bumu la mwezi mmoja linatosha na chenji inabaki. Weka dari, hata ya turubai, chini ya bati, uache nafasi hewa ipite. Pazia zito dirishani. Sanamu ikae chumba cha katikati, mbali na ukuta unaopigwa na jua, juu ya mbao au tofali ili mchwa na unyevu visiifikie. Ifunike na shuka ya pamba iliyofuliwa, siyo nailoni, manake nailoni inafungia jasho. Ikiwa na wadudu usiianike juani. Ikipauka usiipake mafuta ya kupikia wala vanishi, utaharibu zaidi. Ikague kila msimu unapobadilika, mvua zinapoanza na zinapokwisha.

Nenda Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yapo tangu 1968, hapahapa kwenye jua letu, nasi tunasimuliwa kwamba haiwezekani!

Msimamo wangu ndio huo. Sanamu zidaiwe, na zirudi. Anayesema hatuna pa kuziweka anatafuta kisingizio cha mwizi. Ila tusimpe ushahidi wa bure: wikiendi hii ukienda nyumbani, kabla hujaomba nauli ya kurudi chuo, kishushe kile kinyago cha babu pale dirishani.

Anayebisha aje, ila aje na hoja siyo na kiyoyozi. Alamsiki.