Kiporo Si Aibu, Deni Ndilo Aibu



Twaomba nafasi kidogo katika kurasa hizi tunene habari ya jikoni. Huenda wengine wakacheka, wakiona kwamba gazeti la watumishi ni mahali pa habari za mshahara, uhamisho na kiinua mgongo. Walakini mshahara wenyewe waishia wapi, kama si katika sufuria?

Desturi yetu makarani yajulikana. Mwezi ukiwa mchanga, nyumba yanukia pilau. Ikifika tarehe 20, mtoto hutumwa dukani na daftari: mkate, sukari, kopo la samaki. Siku ya mshahara mwenye duka hutangulia kupokea, nasi hupewa masalio. Hata sisi wa hapa Choma, wilaya ya Igunga, tumekuwa na jioni za namna hiyo, hali ghalani mna kapu la michembe tuliloletewa na mama zetu. Kapu halikuguswa. Kwa nini? Kwa sababu mgeni alikuwa barazani, nasi tuliona haya asije akasema kwamba karani ala chakula cha shamba.

Haya hiyo haina msingi. Viazi vitamu, kama mahindi na karanga, asili yake ni Amerika. Lakini mama zetu ndio waliojua kuvitunza mpaka vivuke kiangazi. Viazi vibichi vikikatwa vipande na kuanikwa juani huwa michembe; vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa. Hii ni elimu ya akiba. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kwa miguu mpaka Bagamoyo, na posho yao ya desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama ratili moja na nusu. Watu waliohesabu kibaba njia nzima hawakuwa watu wa kumwaga chakula cha jana.

Basi tazameni jinsi watu sita wawezavyo kula jioni pasipo daftari. Michembe bakuli mbili ilowekwe tangu mchana, ioshwe, ichemshwe mpaka ilainike. Karanga kikombe kimoja zikaangwe kidogo, zitwangwe, zikorogwe kwa maji, zimiminwe juu yake pamoja na chumvi. Moto upunguzwe mpaka rojo liwe zito. Maharage yaliyobaki mchana yachemshwe upya yatokote sana, yatiwe kitunguu na majani ya kunde yaliyokwisha kulainishwa kwa maji ya moto. Kipande cha ugali kilichosalia kikatwe kwa unene wa kidole, kichomwe juu ya makaa mpaka kifanye ukoko. Asiye na nafasi ya kuloweka na atwae matobolwa, maana yamekwisha iva tangu yalipotengenezwa.

Lakini kubana matumizi si kula uozo. Wali uliolala katika joto huweza kudhuru hata ukipashwa moto. Kiporo na kipozwe upesi, kifunikwe, kiliwe mapema. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, kwa kuwa sumu yake haitoki kwa kupikwa.  Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wako watakaosema kwamba twawafundisha watumishi kuridhika na mshahara mdogo. La, hasha. Mshahara usiotosha na unenwe, tena kwa sauti moja. Ila twauliza: ni nani awezaye kunena mbele ya wakubwa wake, ikiwa anajua kwamba kukosa mshahara wa mwezi mmoja tu kutamfungia mlango wa duka, na watoto walale njaa? Mwenye deni huinamisha kichwa mara mbili, dukani na afisini. Mwenye kapu ghalani aweza kungoja.

Kwa hiyo twawasihi wenzetu jambo moja. Mwezi huu, kabla hujampa mtoto daftari, muulize mwenye jiko ghalani mna nini, kisha umwachie apike bila kununa. Mgeni akija, na akaribishwe kwenye sinia ile ile. Twaamini kwamba wengi wa wageni wetu wamelelewa kwa michembe, nao wataimaliza kabla yetu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi twaongeza kwamba deni halilali.

Wasalaam,
Sisi makarani wa Choma.