Eti Tuliibiwa Algiers? Acheni Kutupanga

Kila ikikaribia mwisho wa Mei, mastaa wetu wanatoa jezi kabatini na kuanza "mnakumbuka?". Yupo msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye kila mwaka anatuambia Yanga ya 2022/23 iliibiwa Kombe la Shirikisho na sheria ya bao la ugenini. Yupo na dada wa bongo muvi, naye kapuni, ukimsikiliza utadhani fainali ile ilikuwa bethidei yake.

Wadau, hapana. Hatukuibiwa.

Sisi wa Kongowe (ya Kibaha, siyo ile ya Mbagala) tuliujua msimu ule kibanda umiza, mechi kwa mechi. Oktoba 2022 Al Hilal ya Sudan wametutupa nje ya Ligi ya Mabingwa, watani wanatucheka hadi sokoni. Novemba Aziz Ki anaua mtu Tunis, Club Africain kwao, 1-0. Hapo ndipo safari ilipoanza, na hao mastaa hatukuwaona. Kundini tukaanza kwa kipigo cha 2-0 cha Monastir, halafu tukamaliza vinara. TP Mazembe tukawapiga nyumbani na kwao. Mayele mbili kwa Rivers United, kwao. Marumo Gallants nje ndani. Mtu alikuwa anatetema akiwa juu ya bodaboda, jamani!

Sasa tuje kwenye huo "wizi". Mei 28, 2023, kwa Mkapa, USM Alger wanaongoza. Dakika ya 82 Mayele anasawazisha. Uwanja mzima unatetema, mabeki nao akili imehama. Dakika mbili tu baadaye, kamba. 2-1. Kombe lilipotea hapo hapo, nyumbani kwetu, tukiwa bado tunashangilia. Juni 3 kule Algiers, Djuma Shaban kafunga penalti mapema, tumeshinda 1-0, jumla 2-2, na Waarabu wakabeba kwa magoli yao mawili ya Temeke. Sheria ilikuwepo tangu mechi ya kwanza. Ulaya waliifuta 2021, sawa, lakini sisi hatukucheza Ulaya.

Ukisema "tuliibiwa" unawanyima wale vijana haki yao. Walikwenda kumfunga bingwa kwake, mbele ya moshi na kelele zile. Hiyo ni stori kubwa kuliko ya kuibiwa! Na Simba wasicheke sana: 1993 Stella Abidjan waliwatuliza hapa hapa Dar, na 2025 Berkane nao wakawanyima kombe.

Ila kinachoniudhi zaidi siyo sheria. Siku ile ya Mei 28, kabla ya mpira, watu walikanyagana kwenye mageti ya Mkapa. Mtu mmoja alifariki, wengine 30 wakaumia. Shabiki kama sisi, katoka kwake kwenda kuangalia fainali, hakurudi. Geti la VIP hamkusukumwa, ndiyo maana hamkumbuki. Sisi tunaopanda daladala za kuunganisha kutoka Maili Moja hadi Temeke tunayajua yale mageti, na siku ya mechi kubwa bado tunasukumana pale pale.

Kwa hiyo kaka msanii, mwaka kesho ukianza "mnakumbuka?", anza na huyo. Ndege na miwani vitafuata.