Kuuliza Kabla ya Kipimo cha CT si Kumdharau Daktari

Imekuwa desturi katika hospitali nyingi kwamba mgonjwa hupewa karatasi ya kipimo, huonyeshwa chumba, hulala juu ya kitanda cha mashine kisha huondoka, pasipo kuambiwa wala kuuliza amefanyiwa nini. Desturi hiyo haifai kuendelea, hasa kwa kipimo cha CT, ambacho kina manufaa makubwa lakini pia kina gharama na hatari zake.

Mashine hiyo ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza mjini London mwezi Oktoba 1971. Mwaka 1979 Godfrey Hounsfield wa Uingereza alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulitafakari jambo hilo mwaka 1956 katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mashine huzungusha miale ya eksirei kuuzunguka mwili, nayo kompyuta hukusanya vipimo na kutoa picha za vipande vyembamba, mfano wa mkate uliokatwa slesi.

Manufaa yake ni dhahiri kwa mgonjwa wa kiharusi. Mshipa wa ubongo ulioziba na ule uliopasuka huweza kuleta dalili zile zile, lakini tiba zake hupingana: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humwokoa wa kwanza na huweza kumwua wa pili. Kadhalika abiria wa bodaboda aliyeumia kichwa na kuanza kupoteza fahamu hana muda wa kusubiri. Kwa wagonjwa wa namna hii, kukataa kipimo kwa kuogopa mionzi ni kosa.

Hata hivyo, mionzi ipo. Kipimo cha CT cha tumbo humpa mtu mionzi inayokaribia ile anayoipata kutoka ardhini na angani kwa muda wa miaka mitatu hivi, ilhali eksirei ya kawaida ya kifua ni sawa na ya siku chache tu. Hatari ya saratani itokanayo na kipimo kimoja ni ndogo, lakini huongezeka kadiri vipimo vinavyorudiwa, na watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima. Kwa hiyo mwenye kadi ya bima anayedai CT kwa kila maumivu ya kichwa, akidhani ndiyo alama ya tiba bora, hajitendei wema.

Yampasa mgonjwa aulize: Daktari anatafuta nini? Je, majibu yatabadili tiba? Je, kipimo kisicho na mionzi, kama ultrasaundi, hakitoshi? Na kama alikwisha pigwa picha kwingineko, aende nazo, ili asipimwe tena bure.

Mgonjwa naye anao wajibu. Mficha maradhi kilio humfichua. Mwanamke aseme kama ana mimba au anashuku kuwa nayo. Mara nyingine hudungwa dawa yenye iodini ili viungo vionekane vizuri. Basi mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu, aliyewahi kudhuriwa na dawa hiyo, na mwenye kisukari anayetumia metformini waseme mapema. Joto mwilini na ladha ya chuma mdomoni ni mambo ya kawaida yapitayo upesi. Lakini kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa na pumzi si mambo ya kuvumilia kimya. Mhudumu aambiwe papo hapo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu. Mwaka 2009 iligundulika katika hospitali moja mjini Los Angeles, Marekani, kwamba wagonjwa zaidi ya 200 walikuwa wamepewa mionzi karibu mara nane ya kiasi kilichokusudiwa katika vipimo vya ubongo, kwa muda wa miezi kama 18. Wataalamu walikuwapo muda wote huo. Kosa lilijulikana baada ya mgonjwa mmoja kueleza kwamba nywele zake zilikuwa zikinyonyoka.

Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo iliyokabidhiwa, kwa sheria ya mwaka 2003, kazi ya kusimamia matumizi salama ya mionzi. Kazi hiyo ni muhimu, lakini mkaguzi hawezi kukaa katika kila chumba cha kipimo. Aliyemo humo kila mara ni mgonjwa mwenyewe.

Mwalimu na mtumishi wa serikali ndio wanaoitwa na jamaa zao kuisoma karatasi ya daktari na kuwasindikiza hospitali. Wasiishie kutafuta fedha na usafiri tu. Wawafundishe jamaa hao kuuliza kwa adabu na kusema ukweli. Nao madaktari wajibu maswali hayo kwa lugha inayoeleweka, kwani mwili unaopimwa ni wa mgonjwa.