ACHUKIAYE UCHI HAMVUI MTU NGUO



Kila mara mwanamke anapotukanwa, anaposhikwa au kuvuliwa nguo barabarani, swali la kwanza linaloulizwa, hata nje ya makanisa yetu baada ya Misa, ni hili: "Alikuwa amevaa nini?" Ni nadra kusikia mtu akiuliza waliomshambulia walikuwa akina nani, au waliosimama kando wakitazama walifanya nini. Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunasema wazi kwamba swali hilo si la haki, na kwamba jibu lake, liwe lolote, halimpunguzii mkosaji hatia.

Mwezi Novemba 2014, katikati ya jiji la Nairobi, kundi la wanaume katika kituo cha matatu lilimzingira mwanamke, likamshutumu kuwa anawatia majaribuni kwa sketi yake fupi, kisha likamvua nguo mbele ya umati. Kuna waliopiga picha. Tarehe 17 ya mwezi huo, wanawake pamoja na wanaume waliowaunga mkono waliandamana jijini kudai haki. Hebu tulitafakari tendo lenyewe. Watu hao walidai kwamba wamekerwa na mwili uliofunuliwa kidogo. Dawa waliyoitoa ni kuufunua wote. Achukiaye uchi hamvui mtu nguo. Humtafutia leso ajifunike. Basi kulinda adabu hakukuwa nia yao. Kulikuwa kisingizio.

Kisingizio hiki ni cha zamani. Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingepiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kuanzia Januari 1969. Vijana wengine hawakuingoja tarehe hiyo. Waliwavamia wanawake katika eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, wakawashusha mabasini, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Tunauliza: wigi humfunua nani? Huko Uganda, sheria dhidi ya ponografia ilipotiwa sahihi mwezi Februari 2014, wanaume walianza kuwavua wanawake nguo hadharani, ingawa sheria hiyo haikumpa raia yeyote ruhusa ya kufanya hivyo. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilibatilisha vifungu vyake vikuu. Mavazi yanayolaumiwa hubadilika, anayeadhibiwa habadiliki.

Kuna wanaosema kwamba wanawake wakijifunika vizuri, maudhi yatakoma. Na waitazame Misri, nchi ambayo wanawake wake wengi hujifunika kichwa na huvaa nguo ndefu. Katika uchunguzi uliotolewa huko mwaka 2008, asilimia 83 ya wanawake wa Misri walioulizwa walisema wamewahi kuudhiwa. Katika uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2013, idadi hiyo ilikuwa asilimia 99.3. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwulizeni mama auzaye mboga sokoni, mwenye gauni refu na kitambaa kichwani. Mwulizeni msichana aliyevaa sare ya shule. Kisha mtazameni mchukuzi anayefanya kazi kifua wazi, na mjiulize kama amewahi kuvuliwa suruali kwa kukosa staha. Maudhi hayafuati urefu wa nguo. Humfuata yule anayedhaniwa hana mtetezi.

Tunajua wapo watakaotuuliza: "Je, Kanisa halifundishi mavazi ya heshima?" Hufundisha, nasi hatulikani fundisho hilo. Lakini staha ni wito kwa dhamiri ya kila mtu, mwanamume kwa mwanamke. Si hati ya kumfanya mpita njia kuwa hakimu na mtekelezaji wa adhabu. Tukumbuke habari za Susana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Alipoletwa barazani alikuwa amejitanda shela. Walioamuru afunuliwe, wapate kuyashibisha macho yao, ni wazee walewale waliotaka kumnajisi, kisha wakajifanya watetezi wa adabu.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ni parokia ngapi zimebandika mlangoni tangazo juu ya mavazi ya wanawake? Na ni ngapi zimewahi kubandika tangazo juu ya mikono na ndimi za wanaume? Tunapomkemea binti kila Jumapili, na kumnyamazia kaka yake anayewapigia wasichana miluzi njia panda, tunamfundisha kijana huyo kwamba kosa si lake.

Sheria ya Kenya haina utata. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda heshima ya utu wa kila mtu. Tangu mwezi Desemba 2014, kifungu cha 251A cha Kanuni ya Adhabu kinamtoza amvuaye mwenzake nguo kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka 2017 mahakama iliwatia hatiani wanaume watatu waliomshambulia na kumvua nguo mwanamke ndani ya basi huko Githurai mwaka 2014. Lakini mahakama huhitaji mashahidi, na mashahidi ni sisi.

Kwa hiyo tunazisihi Jumuiya Ndogo Ndogo zote:

(a) Anaposhambuliwa mwanamke, tusogee wengi kwa pamoja, tumzunguke na kumfunika. Tusimpige picha yeye. Tuandike namba ya gari na tuzikumbuke sura za wakosaji.

(b) Tumsindikize hospitali na kituo cha polisi, tukatoe ushahidi, wala tusimwache arudi peke yake.

(c) Wazee wa kanisa na vikundi vya wanaume wazungumze na vijana, pamoja na madereva na makanga walio waamini wenzetu, juu ya jambo hili kwa jina lake halisi: ni jinai, na ni dhambi.

Siku mwanamke atakapozingirwa tena njiani, tusimwulize amevaa nini. Yeye ndiye mwenye haki ya kutuuliza sisi tulikuwa wapi.