SIHA YAKO: Kwapa likiwasha, tafuta chanzo kabla ya dawa

Yako maradhi ambayo mtu hayasemi hata kwa mamake. Mwasho wa kwapa ni mojawapo. Mtu huwashwa akiwa kwenye matatu, darasani au kanisani, akabana mkono ili asionekane akijikuna. Usiku hujisugua kwa sabuni kali na ndimu akidhani ni uchafu. Kesho yake mwasho umezidi.

Si uchafu. Ngozi ya kwapa ni laini, ina joto na jasho, na husuguana mchana kutwa. Lolote unalopaka pale hupenya upesi. Kwa hivyo kabla ya kwenda duka la dawa, simama mbele ya kioo, inua mkono na uangalie. Kwenye ngozi nyeusi huenda usione wekundu, bali weusi uliozidi.

Je, mwasho uko katikati ya kwapa, pale unapopaka dawa ya kuzuia harufu ya jasho? Basi ishuku dawa hiyo kwanza, hasa manukato yaliyomo. Usiseme umeitumia miaka mingi bila neno. Mwili huweza kukikataa leo ulichokizoea jana.

Je, katikati ni pazima lakini kingo zinawasha, pale nguo inapobana? Shuku rangi ya nguo, au sabuni ambayo haikusuuzwa ikatoka. Shati jipya lifue kabla ya kulivaa.

Je, kuna baka la mviringo lenye magamba kwenye ukingo, na linazidi kupanuka? Huenda ni choa. Hicho hutibiwa kwa dawa ya kuua kuvu kama vile clotrimazole, kwa wiki 2 hadi 4. Usiiache punde tu mwasho unapopoa.

Na ikiwa mwasho huzidi usiku, una vipele katikati ya vidole, na wenzako nyumbani au bwenini wanajikuna, huenda ni upele. Lazima wote mtibiwe siku moja, na nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto.

Sasa sikiliza onyo. Wengi hupewa na jirani krimu yenye steroidi kali. Pakitini utasoma betamethasone au clobetasol. Mwasho hutulia kwa siku chache, na mtu akaisifu. Lakini kama ni choa, kuvu huendelea kuenea chini kwa chini, na baka hubadilika sura hata daktari akatatizika kulitambua. Ukiendelea kuipaka kwapani, ngozi huwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika. Dawa hizi zina kazi yake, ila ni kwa amri ya daktari.

Fanya hivi kwa wiki 2. Weka kando manukato, ndimu na wembe. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na marashi, ujikaushe vizuri, na uvae pamba isiyobana. Mwasho ukizidi, kandika kitambaa chenye maji baridi badala ya kucha. Ukishapona na kutaka kurudia dawa yako ya jasho, ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara 2 kwa siku kwa siku 7. Ikiwasha, itupe.

Mwone daktari ikiwa wiki 2 zimepita bila nafuu, ukiona usaha, ukipata majipu yanayorudi na kuacha makovu, au ukigusa uvimbe usiokwisha. Anayesumbuliwa na kuvu mara kwa mara apimwe pia sukari, kwani kisukari huanza hivyo kwa baadhi ya watu.

Usione haya kumwinulia daktari mkono. Ameona makwapa mengi kabla ya lako, na mficha uchi hazai.